Deni Linalojilipa

Miaka mingi nimesoma tahakiki za watu juu ya riwaya na tamthilia, nami mwenyewe si mhakiki. Nilikuwa muuguzi. Ila ipo karatasi moja ambayo nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyopata kusoma riwaya yoyote, na kwa kuwa sijamwona aliyeihakiki, nimeona kazi hiyo niifanye mimi. Ni karatasi ya ukurasa mmoja ambayo mwenye kadi ya mkopo huijaza ili bili yake ya kila mwezi iwe inakatwa yenyewe katika akaunti yake ya benki, pasipo yeye kuandika hundi wala kupanga foleni. Kule Uingereza, nilikokaa kuanzia 1999 hadi 2016, utaratibu huo huitwa dairekti debiti. Mimi nitauita makato ya moja kwa moja, maana ndivyo ulivyo.

Karatasi yangu niliijaza mwaka 2003 katika mji wa Leeds, juu ya meza ya jikoni, baada ya zamu ya usiku. Juu kabisa palikuwa na jina la benki. Chini yake palikuwa na maneno machache ya kumtoa mtu wasiwasi: kwamba hatasahau tena kulipa, hatatozwa faini ya kuchelewa, wala jina lake halitaharibika mbele ya wakopeshaji. Halafu namba ya akaunti, halafu mahali pa sahihi, na baina ya hayo mawili visanduku vitatu. Cha kwanza kilisema kata kiasi cha chini kabisa kinachotakiwa mwezi huu. Cha pili kilisema kata kiasi nitakachokitaja mwenyewe. Cha tatu kilisema kata deni lote. Nilitia alama katika cha kwanza. Sikufikiri hata dakika moja. Kilikuwa cha kwanza, kilikuwa kidogo, na mimi nilikuwa na usingizi.

Deni lenyewe lilikuwa la matanga. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilianzia kwenye matanga moja kwa moja. Baba alifariki Kisauni mwezi wa Machi mwaka huo, akakaa chumba cha maiti siku kumi na moja akinisubiri, na kila siku ilikuwa na ada yake. Nauli yangu na ya wanangu wawili, bili ya hospitali alikolazwa, jeneza, basi la kwenda Rabai kuzika, chakula cha waombolezaji, yote niliyapitisha kwenye kadi au nikayatolea fedha kwa kadi hiyo hiyo. Niliporudi Leeds nilikuta nadaiwa pauni 3,000. Nikaifungia kadi kabatini na kuapa kwamba haitatoka. Wala haikutoka. Hilo nataka msomaji alishike, kwa sababu watu wakisikia habari za deni la kadi hudhani ni habari za mtu asiyeweza kupita dukani bila kununua viatu.

Tena sikuwa mgeni wa madeni. Nililelewa kwa mkopo. Mwenye duka wa mtaani kwetu alikuwa na daftari refu lililofungwa kwa mpira, na kila mwisho wa mwezi Baba, ambaye alifanya kazi bandarini Kilindini, alikwenda kulitazama na mimi nikimfuata nyuma. Mwenye duka alilowesha kidole, akafungua ukurasa wetu, akasoma mstari baada ya mstari: unga, mafuta ya taa, sabuni ya mche, majani ya chai. Baba alisimama na mikono nyuma kama mtu anayesikiliza hukumu, lakini hakuwa kimya. "Hii sukari kilo mbili ya tarehe tisa si yangu," alisema siku moja. Wakabishana. Nikatumwa nyumbani kumwuliza Mama, naye akatuma jibu kwamba sukari ilikuwa yetu, alikuja mgeni. Baba akacheka kwa aibu, akalipa alichoweza, akaambiwa kilichobaki, na tukarudi tukiwa tunakijua.

Nilikuwa naona haya kusimama pale. Ndiyo sababu moja, nadhani, iliyofanya karatasi ya benki inipendeze. Iliniahidi kwamba sitasimama tena mbele ya daftari. Sikufahamu kwamba katika robo saa ile Baba alikuwa akifanya kazi nyingi kwa pamoja, na kuitoa fedha mfukoni ndiyo iliyokuwa ndogo kuliko zote. Alikuwa akikagua. Alikuwa akikataa lisilo lake. Alikuwa akiamua mwezi huu atatoa ngapi kulingana na mwezi ulivyokuwa. Karatasi ilijitolea kunipunguzia ile kazi ndogo, ikazichukua na zilizobaki zote bila kuzitaja.

Si ajabu sana, ukijua makato haya yalizaliwa wapi. Yalianza Uingereza mwaka 1964, na aliyeyabuni, Alastair Hanton, alikuwa mtu wa kampuni ya Unilever aliyetafuta njia nyepesi ya kukusanya fedha kutoka kwa wauzaji wa aiskrimu. Kabla ya hapo palikuwa na agizo la kudumu: wewe mwenye akaunti unaiambia benki yako, mlipe fulani kiasi hiki kila mwezi, na kiasi hakibadiliki mpaka useme wewe. Katika makato ya moja kwa moja mdai ndiye anayeiambia benki yako akate ngapi. Kalamu imehamia upande wa pili wa meza. Sisemi kwamba ni ubaya. Bili ya umeme hupanda na kushuka, na ni afadhali anayeijua ndiye aiandike. Lakini ni chombo kilichofikiriwa na mtu mwenye kudai, kwa ajili ya matatizo ya mtu mwenye kudai, na karatasi inapokisifia kana kwamba kimeletwa ili mdaiwa alale vizuri, hapo ndipo mhakiki anapaswa kusimama.

Sasa nitafanya hesabu, na msomaji asiyependa hesabu anivumilie, kwa maana ubaya wa kile kisanduku cha kwanza hauonekani kwa maneno. Chukua deni la pauni 3,000 lenye riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi, na kiasi cha chini cha kulipa kiwe asilimia mbili ya deni. Mwezi wa kwanza riba ni pauni 45. Unakatwa pauni 60 na peni 90. Katika hizo, 45 zinaliwa na riba, na pauni 15 na peni 90 tu ndizo zinazoligusa deni. Mwaka ukiisha umetoa kiasi cha pauni 710, na bado unadaiwa pauni 2,815. Lakini hilo halijawa baya. Baya ni kwamba asilimia mbili ni ya deni lililobaki, kwa hiyo kadiri deni linavyopungua ndivyo linavyokuomba kidogo zaidi. Linakuwa pole. Mwezi huu 60, mwakani 57, kisha 54, kama mgonjwa anayejikokota akisema msijisumbue kwa ajili yangu. Baada ya miaka minane, bila kununua hata pipi kwa kadi hiyo, utakuwa umetoa pauni 4,590 hivi na utakuwa bado unadaiwa 1,800.

Na lau siku ile ningetia alama katika kisanduku cha pili, nikaandika pauni 61, yaani kiasi kile kile kilichokatwa mwezi wa kwanza, nikakiacha kisimame hapo bila kushuka, deni lote lingekwisha katika miaka saba na nusu. Kwa pauni 100 lingekwisha kwa malipo 41. Tofauti baina ya kisanduku cha kwanza na cha pili, mwezi ule wa kwanza, ilikuwa peni kumi.

Tunasema dawa ya deni kulipa. Nimeisikia methali hiyo tangu utotoni, na nimeitumia kwa wengine kwa sauti ya kujua. Lakini mimi ni muuguzi, na ninavyojua hakuna dawa isiyo na dozi. Nimewaona wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa wakimeza vidonge vyao kila siku ila si vya kutosha, na ambao wangekuapia kwamba wanatibiwa. Wanatibiwa kweli. Vidonge wanavyo, kadi ya kliniki wanayo, tarehe zote zimetiwa alama. Methali yetu imesahau dozi, na kisanduku cha kwanza kimekaa ndani ya sahau hiyo.

Hesabu niliyoitoa ni ya kadi safi. Yangu haikuwa safi. Mwezi wa Juni 2011 mwanangu wa kike, aliyekuwa chuo kikuu, alikuja nyumbani akitafuta karatasi ya kuthibitisha anwani. Nikamwelekeza kwenye kopo kubwa la biskuti juu ya kabati, nilimokuwa nikitia bahasha za benki. Alipolifungua alinyamaza kidogo. Zilikuwa bahasha za miaka minane, na nyingi hazijafunguliwa. Kwa nini nizifungue? Bili ilikuwa inalipwa. Nilijua hivyo kwa sababu hakuna aliyenipigia simu.

Alifungua moja, akasoma, akauliza, "Mama, hii bima ni ya nini?"

Sikujua. Tukafungua nyingine, nyingine tena, mpaka meza ikajaa. Kila mwezi palikuwa na mstari wa bima ya kulinda malipo, peni 79 kwa kila pauni mia za deni. Tulirudi hadi karatasi ya maombi ya 2003, na kweli, pale pa bima palikuwa na alama, na chini kabisa palikuwa na sahihi yangu. Ilikuwa bima ya kunilipia kile kiasi cha chini ikiwa nitaugua au kupoteza kazi. Mimi nilikuwa mwajiriwa wa hospitali ya umma ambayo ningeugua ingeendelea kunilipa mshahara kwa miezi. Nilikuwa nimekata bima ya mvua nikiwa ndani ya nyumba ya mawe.

Mwanangu akachukua kikokotoo. Mwezi wa kwanza riba 45, bima pauni 23 na peni 70. Deni likapanda hadi 3,068 na peni 70. Asilimia mbili yake ni pauni 61 na peni 37. Toa. Zikabaki 3,007 na peni 33.

Akarudia, akidhani amekosea. Hakukosea. Mwezi wa kwanza wa kulipa kwangu, deni lilikuwa limeongezeka kwa pauni saba. Na mwezi wa pili vivyo hivyo, na wa tatu. Katika miaka minane nilikuwa nimetoa zaidi ya pauni 6,600, sikuchelewa hata siku moja, sikuitoa kadi kabatini, na bahasha ya mwezi ule ilisema nadaiwa 3,790.

Wakati ule bima hizo zilikuwa habari ya nchi nzima. Mwezi wa Aprili 2011 mabenki ya Uingereza yalikuwa yameshindwa kesi katika Mahakama Kuu, yakalazimika kuyapitia malalamiko ya watu waliouziwa bima zisizowafaa. Mpaka shughuli ile ilipofungwa kwa madai mapya tarehe 29 Agosti 2019, yalikuwa yanaelekea kurudisha zaidi ya pauni bilioni 38. Mimi niliandika barua yangu kwa mkono, nikatuma, nikangoja, na fedha zikarudi pamoja na riba yake, zikatosha kuufuta mkopo na kubaki kidogo. Sitaitaja benki. Haikuwa mbaya kuliko zenzake, na ilinijibu kwa adabu.

Ila nisijitakase. Bima ilikuwa kosa la waliouza. Bahasha zisizofunguliwa zilikuwa kosa langu. Karatasi ya visanduku vitatu ndiyo iliyoyakutanisha makosa hayo mawili na kuyawekea pazia. Lau ningekuwa naandika hundi kila mwezi ningezikuta zile pauni 23 na peni 70 mwezi wa kwanza, au wa pili. Baba angezikuta kwa taa ya chemni.

Watetezi wa makato husema ipo dhamana, na ni kweli, ipo, tena nzuri. Nyuma ya karatasi imeandikwa kwamba kiasi kikibadilika utaarifiwa mapema, kwa kawaida siku kumi za kazi, na kwamba yakitokea makosa katika kukata, benki yako itakurudishia fedha mara moja. Nimewajua watu waliorudishiwa. Mimi sikuwa na la kudai hapo. Katika miezi tisini na sita sikukatwa kimakosa hata mara moja. Kila kiasi kilikuwa ndicho, siku ilikuwa ndiyo. Ukiwa na jipu ndani, hakuna maana kusifiwa ngozi.

Ziko hatari nyingine ambazo sikuzipata mimi, na nitazipitia upesi. Mwenzangu mmoja wa Tanga, tuliyekuwa naye wodi moja, alikatwa siku mbili kabla ya mshahara kuingia. Akaunti ilikuwa tupu, makato yakagoma, benki yake ikamtoza kwa kugoma na kampuni ya kadi ikamtoza kwa kutolipwa, faini mbili kwa upungufu wa pauni chache. Mwingine alijaza karatasi akadhani imeanza kazi siku ile ile, kumbe mwezi wa kwanza ulikuwa bado ni wa kulipa mwenyewe, na alama ya kuchelewa ikakaa katika kumbukumbu zake miaka sita. Na wapo wengi ambao kadi yao inaendelea kulipia gazeti au klabu ya mazoezi waliyoiacha zamani, kitu kidogo kila mwezi, na makato yanakilipia makato.

Wakubwa wa nchi ile hawakulala, lazima niseme. Kwa kadi zilizofunguliwa tangu 2011 kiasi cha chini hakina budi kufunika riba na tozo zote pamoja na angalau asilimia moja ya deni, kwa hiyo kile kioja changu cha kulipa huku deni likikua hakiwezekani tena kwa namna ile. Tangu 2018 mamlaka ya fedha inamtambua mtu aliye katika deni sugu: ni yule ambaye kwa miezi 18 amelipa riba na tozo nyingi kuliko alivyolipunguza deni lenyewe, na mkopeshaji lazima amwandikie, na akiendelea hivyo hadi miezi 36 lazima amsaidie kutoka. Ni sheria ya huruma. Lakini jaribio lililonifundisha zaidi ni jingine. Watafiti wakishirikiana na mamlaka hiyo waliwaondolea wateja wapya wa kadi kile kisanduku cha kwanza wakati wa kujaza makato, wavione viwili tu, kiasi cha kutaja na deni lote. Watu wengi wakaacha kiasi cha chini, kama ilivyotumainiwa. Na madeni yao hayakupungua. Walitaja viasi vidogo vilivyokaribiana na kile kile walichofichwa, na baadhi hawakujaza makato kabisa.

Niliposoma hayo nilivunjika moyo kidogo, kwa sababu nilikuwa nimeshaamua kwamba lawama ni ya kisanduku. Kumbe mtu anaweza kukibeba kisanduku moyoni. Hata hivyo siiachilii karatasi. Aliyeipanga alijua ni kitu gani mtu mchovu hukitafuta kwanza.

Iko sehemu ya habari hii ambayo barua ya benki haikuweza kuirudisha. Mama alikuwa Kisauni peke yake tangu Baba azikwe, na kila Jumapili tulizungumza kwa simu. Aliniuliza nitakuja lini. Nikamwambia nikimaliza deni la mazishi nitakuja, sitaki kuongeza deni juu ya deni. Alikubali, alikuwa mwanamke wa kuheshimu madeni, yeye ndiye aliyekiri sukari. Mwaka ukapita, ukapita wa pili. "Deni halijaisha tu, mwanangu?" Nikamjibu linaendelea kulipwa, Mama. Nilisema hivyo nikiwa na amani kabisa. Nilikuwa naona fahari, hata, kwamba sikosi.

Alifariki Agosti 2009. Nauli ya kwenda kumzika nilichangiwa na wenzangu wa wodini, ilikuwa pauni 640. Baada ya ile siku ya kopo la biskuti nimeigawa mara nyingi katika zile 6,600. Inaingia mara kumi, na chenji inabaki.

Sasa msomaji atatarajia niseme kwamba nilipolimaliza deni niliyafuta makato na kuanza kulipa kwa mkono wangu kama Baba. Nilifanya hivyo hasa. Mwezi wa pili nikasahau. Nilikuwa na zamu nne za usiku mfululizo, tarehe ikapita, nikatozwa pauni 12, na mwanangu akacheka mpaka akakaa chini. Pauni 12 ndicho kiwango ambacho mabenki yalishukia mwaka 2006, baada ya ofisi ya biashara ya haki kusema kwamba faini iliyozidi hapo itahesabiwa si ya haki. Kabla ya hapo wengi walitoza ishirini au zaidi. Basi nikajua kwamba waliotunga yale maneno ya kutoa wasiwasi hawakuwa waongo. Mtu husahau. Uchovu ni kitu cha kweli.

Nikajaza karatasi tena, safari hii kisanduku cha tatu, deni lote, nikawa natumia kadi kwa mambo machache ambayo fedha zake ninazo tayari. Na tarehe kumi na nne ya kila mwezi, siku chache kabla ya makato, nikakaa na taarifa ya hesabu na rula, mstari baada ya mstari. Mwanangu huniona mshamba kwa rula. Siku hizi bahasha hazitumwi. Huja ujumbe tu kwamba taarifa yako iko tayari, na kopo la biskuti limekuwa halina chini wala mfuniko. Mimi naichapisha.

Nilirudi Kisauni mwaka 2016. Huku kadi za mkopo si nyingi, lakini lile jambo lenyewe nimelikuta limenitangulia kufika. Tangu 2019 tuna Fuliza katika simu: ukipungukiwa unapolipa, unakopeshwa papo hapo kwa ada, na fedha yoyote itakayoingia baadaye hukatwa kwanza kulipa kilichokopwa. Hakuna hata kisanduku cha kutia alama. Mwana wa kaka yangu, ambaye anauza nguo za mtumba Kongowea, aliniambia juzi kwa furaha, "Shangazi, hiyo haina shida, hujilipa yenyewe."

Nilimwomba alirudie lile neno. Hujilipa. Katika lugha yetu, mimi nilivyolelewa, anayejilipa ni mdai. Mtu akichukua mbuzi wa jirani kwa sababu jirani hajamlipa, tunasema amejilipa. Deni haliwezi kujilipa, halina mfuko. Akaniangalia kama anayeangaliwa na mwalimu mstaafu, ingawa sikuwa mwalimu, akasema, "Sasa Shangazi, si ni yale yale?"

Nikamwambia asogeze kiti, alete na simu. Jumbe zote za ada alikuwa nazo, hakufuta hata moja wala hakusoma hata moja. Nikachukua penseli na nyuma ya kalenda ya mwaka jana. Tukaanza na ya Januari.